Mfalme Ndani ya Kitabu cha Hundi

Maneno mengi ya Kiingereza niliyapata shuleni kwa kukariri, na mengi yamenitoka. Neno "check" sikulikariri. Nililikuta kazini, kwanza nikiwa karani wa benki Tanga, baadaye nikiwa mwanafunzi Marekani, na sasa hunijia karibu kila wiki kwenye meza ya tafsiri. Kamusi kubwa za Kiingereza hulipa neno hili nafasi ndefu. Ni kusimamisha na ni kukagua. Ni alama ya vema pembeni mwa jibu. Ni hundi, na ni bili ya mgahawani. Ni kitambaa cha miraba, ni kibati cha mzigo wa msafiri, ni onyo la mchezaji wa sataranji anapomtishia mfalme wa mwenzake. Mwanafunzi akipewa orodha hiyo aimeze, huiona kama ukatili, na mimi humwonea huruma. Lakini orodha hiyo ni njia moja yenye mwanzo na vituo, na katika kila kituo walikuwapo watu waliolihitaji neno hilo kwa kazi waliyokuwa wakiifanya.

Mwanzo ni Uajemi, ambako mfalme aliitwa shah. Mchezo wenyewe ulitoka India, na kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Waajemi wakaupokea na kuuita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 wakaupenda mno, wakautamka shatranj. Nasi watu wa mwambao tukasema sataranji. Mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alimtahadharisha kwa kumtaja: shah! Mfalme akikosa pa kukimbilia ikasemwa shah mat. Wengi hufasiri maneno hayo kuwa "mfalme amekufa", kwa sababu Kiarabu kina kitenzi mata, kufa. Ufafanuzi unaonishawishi zaidi ni ule wa Kiajemi, kwamba mfalme hana hila tena. Unaafikiana na mchezo ulivyo, maana katika sataranji mfalme hauawi. Hubanwa tu, na akibanwa kabisa mchezo umekwisha.

Utotoni mwangu, Mji Mkongwe wa Unguja, jirani yetu mmoja alikuwa na ubao wa mchezo huo. Watu wengi barazani walicheza bao, karata na dhumna. Yeye alimngoja rafiki yake mmoja aje jioni ndipo aufungue. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, sharti tukae kimya. Kete kubwa kuliko zote aliiita shaha. "Mtazameni shaha," alituambia, "mkubwa wao wote, na hawezi kwenda ila hatua moja." Nilidhani shaha ni jina alilolibuni yeye. Miaka mingi baadaye nikalikuta katika kamusi, mfalme wa sataranji, na nikalisikia pia katika mikutano ya washairi, ambao kiongozi wao humwita shaha wa malenga. Neno la wafalme wa Uajemi lilivuka bahari na pepo za kaskazi likatua kwetu likiwa zima, na matamshi yake hayakubadilika sana.

Kwenda Ulaya lilipita njia nyingine, Hispania na Sisilia, nchi ambazo Waarabu walizitawala kwa karne kadhaa. Wazungu waliliandika kwa Kilatini kwa namna zao, Wafaransa wakalitamka eschec, na wingi wake ukawaachia Waingereza jina la mchezo, chess. Kwa hiyo "chess" na "check" ni neno moja, lile la kwanza likiwa wingi na la pili umoja. Wajerumani husema Schach, Warusi huuita mchezo wote shakhmaty. Kwa Wafaransa wa leo échec ni kushindwa: mtihani, ndoa, biashara, vyote vikianguka hutajwa kwa neno lililokuwa cheo cha mfalme.

Ipo kanuni moja ya sataranji ambayo nadhani ndiyo iliyozaa karibu kila maana iliyofuata. Mfalme wako akitishiwa, huna ruhusa ya kufanya jambo lingine lolote. Ulikuwa na mpango mzuri upande wa kushoto? Uache. Ulikaribia kumkamata waziri wa mwenzako? Subiri. Kwanza mwokoe mfalme. Onyo lile husimamisha kila kitu, na Waingereza wa zama za kati walianza kulitumia nje ya ubao kwa maana hiyo hiyo: jambo lililokuzuia ghafla, lililokulazimisha usite utazame. Kutoka hapo likawa kujizuia na kuzuiwa. Mtu "hucheki" hasira yake, mto hukutana na ukuta, jeshi hukwama mbele ya ngome. Na anayelazimishwa kusita na kutazama, kinachofuata ni kukagua.

Uingereza ya karne ya 12 ilikuwa na ofisi iliyokusanya fedha za mfalme, na jina lake lilitokana na ubao huo huo: Exchequer. Mtunza hazina wa Mfalme Henry II, Richard FitzNeal, aliandika kitabu kuhusu kazi ya ofisi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1170, kwa mtindo wa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Katikati ya chumba ilikuwapo meza ya futi 10 kwa 5, imezungushiwa ukingo ili kilichowekwa juu yake kisianguke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na katika nafasi kati ya mistari waliweka vijiduara vya kuhesabia. Safu moja ilikuwa ya peni, nyingine ya shilingi, nyingine ya pauni, kisha ishirini, mamia, maelfu. Tarakimu tunazotumia sisi walikuwa hawajazizoea. Waliandika kwa namba za Kirumi, ambazo ni taabu kujumlisha. Kitambaa cha miraba kiliwafanyia hesabu mbele ya macho ya kila mtu, hata asiyejua kusoma.

Mwanafunzi katika kitabu hicho anauliza kwa nini mahali pale paitwe hivyo. Mwalimu anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni sura ya meza, inayofanana na ubao wa sataranji. Ya pili ndiyo inayonigusa: kama wafalme wanavyopigana juu ya ubao, ndivyo mtunza hazina na liwali wa jimbo wanavyopambana juu ya kitambaa kile, mmoja akidai, mwingine akijitetea, na wengine wameketi wanaamua. Liwali huyo ndiye "sheriff", na msomaji wa Kiswahili asimchanganye na sharifu wetu. "Sheriff" ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya msimamizi wa jimbo. Mahesabu ya serikali yalifanywa hadharani, mdai na mdaiwa wakitazamana, na hiyo ndiyo hali ambayo ningependa kila mkaguzi wa leo aifahamu.

Risiti zao zilikuwa vijiti. Walichukua mti, wakaukata pengo kwa kila kiasi kilicholipwa: elfu moja ya pauni pengo la upana wa kiganja, mia moja upana wa kidole gumba, ishirini upana wa kidole cha mwisho, pauni moja unene wa punje ya shayiri. Kisha wakaupasua kwa urefu, mapengo yakabaki pande zote mbili. Aliyelipa akaenda na kipande kimoja, ofisi ikabaki na kingine, na siku ya ukaguzi vipande vililazwa pamoja. Kama mapengo hayakukutana, mmoja wao alikuwa mwongo. Vijiti hivyo vikiitwa "tally", na makarani wanaohesabu shehena melini katika bandari zetu, wale tunaowaita tali klaki, wanabeba jina lake hadi leo.

Desturi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 iliamriwa marundo ya vijiti vya zamani yachomwe katika matanuri chini ya Bunge la Mabwana, London. Moto ukazidi nguvu, na usiku huo sehemu kubwa ya Kasri la Westminster ikateketea. Jengo la Bunge ambalo watalii hulipiga picha leo lilijengwa baada ya moto huo.

Jina la ofisi hiyo halijafa. Waziri wa Fedha wa Uingereza bado ana cheo chenye neno Exchequer, na Nairobi, katika taarifa za Hazina zinazoandikwa kwa Kiingereza, fedha zinazotolewa kwa wizara na kaunti huitwa hivyo hivyo. Gavana anayelalamika kuwa pesa za kaunti yake zimechelewa anaitaja, kwa mbali sana, meza ya sataranji.

Niliyasoma hayo nikiwa tayari nimeacha benki, na yalinifafanulia kazi niliyoifanya ujanani. Nilianzia kwenye dawati la hundi, Tanga, enzi ambazo mishahara ya mashamba ya katani na malipo ya wafanyabiashara wa mjini yalipitia karatasi. Hundi ilipoletwa tulitazama tarehe, kisha kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kisha tukaichukua kadi ya mteja na kulinganisha saini. Hundi iliyopigwa mistari miwili haikulipwa taslimu, iliingizwa katika akaunti tu. Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kihindi, fundi wa kazi yake, aliyetuita wote "mwanangu", nasi tukimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla hajavua koti. Siku moja mteja alileta kitabu chake ambacho vishina vyote havikujazwa. Mzee hakumgombeza. Alimketisha, akamwambia, "Baba, karatasi unayompa mtu ni yake. Kishina ndicho chako. Bila kishina utabishana naye kwa nini?"

Maneno yale yalikuwa na historia ndani yake kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Mwanzoni mwa karne ya 18 Waingereza walipoanza kulitumia neno hili katika mambo ya benki, walimaanisha kishina hicho: kipande kinachobaki, kinachomzuia mwizi asighushi, kwa kuwa karatasi ilikaguliwa dhidi yake. Ni kijiti kilichopasuliwa, sasa kwa karatasi. Baadaye jina likahama kutoka kishina kwenda kwenye karatasi yenyewe, na Waingereza, wakiitazama Exchequer, wakaanza kuliandika "cheque", ilhali Wamarekani wakabaki na "check". Wapo wanaodai kwamba asili ya neno hilo la benki ni sakk ya Kiarabu, hati ya malipo waliyotumia wafanyabiashara wa dola za Kiislamu karne nyingi kabla. Kwamba sakk ilikuwapo, na kwamba biashara ya Waislamu ilitangulia kutumia hati za namna hiyo, ni kweli na ni jambo la heshima. Hata hivyo maana ile ya kwanza ya kishina yanitosha kuamini kuwa neno la Kiingereza lilitoka kwenye ubao. Kiswahili hakikungoja lolote kati ya hayo mawili. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walikuja na hundi zao, jina na desturi, nasi tukalichukua hilo.

Marekani nilikwenda kusoma, katika mji wa chuo jimboni Indiana, na huko neno likanijia kutoka pande ambazo benki haikunitayarishia. Mhudumu wa mgahawa aliniuliza kama niko tayari kwa "check", akimaanisha bili. Maktaba ilitumia kitenzi hicho kwa kuazima kitabu, hoteli kwa kuingia na kutoka, ukumbi wa tamasha kwa kuacha koti langu mlangoni. Katika mpira wa magongo wa barafuni, mchezaji anayemsukuma mwenzake kwa bega ili kumzuia anafanya hilo hilo. Hapo maana ya zama za kati ilikuwa hai, yenye jasho. Mwenzangu wa bweni alinieleza pia kuhusu mchezo wa besiboli. Karne ya 19 mvua ikivunja mechi, mtazamaji alipewa kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine, na ndiyo maana Mmarekani akikataa mwaliko kwa adabu huomba kipande cha mvua, yaani tuahirishe.

Lililonikamata zaidi ni mizigo. Reli za Marekani za karne ya 19 zilitumia vibati vya shaba vyenye namba moja, viwiviwili. Kimoja kilifungwa kwenye begi, kingine akapewa abiria. Alipofika alionyesha chake, vikalinganishwa, akachukua begi. Namba ya koti langu pale ukumbini ilifanya kazi hiyo, na kikaratasi wanachokubandikia nyuma ya pasipoti uwanja wa ndege hufanya hiyo hiyo. Vipande viwili vilivyokuwa kimoja, kila upande na chake, na ukweli unajulikana vinapokutana.

Kuhusu nguo sikuhitaji kitabu. Kitambaa cha miraba kinaitwa hivyo kwa Kiingereza kwa sababu kinafanana na ubao. Nenda kwa fundi yeyote wa Kariakoo, muombe shati la miraba, atakuuliza, "La drafti?" Drafti ni ule mchezo wa dama wa vijiweni, unaochezwa kwa vizibo vya soda. Mafundi wetu walipotaka jina la kitambaa walikwenda kwenye ubao wa mchezo, kama Waingereza walivyofanya zaidi ya miaka 500 kabla yao, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Mchezo huo huo wa drafti Wamarekani huuita checkers. Nilipoligundua hili nilifurahi siku nzima, kwa kuwa linaonyesha mafundi na wacheza dama wa Dar es Salaam wanavyofanya kazi ya lugha pasipo kamati wala semina.

Faida ya kuijua njia hii niliiona katika kikao cha kutafsiri kijitabu cha elimu ya uraia. Tulikwama kwenye "checks and balances", msemo unaohusishwa na waasisi wa Marekani walioandika katiba yao mwaka 1787. Mwenzetu mmoja alipendekeza "ukaguzi na urari". Ni maneno mazuri ya kihasibu, na ningeyakubali katika ripoti ya mahesabu. Lakini mahakama haimkagui rais kama karani anavyokagua daftari. Inaweza kumsimamisha. Niliwaeleza wenzangu habari za mfalme wa sataranji, mkubwa kuliko wote ubaoni, ambaye hata askari wa miguu anaweza kumlazimisha ahame. Tukaafikiana kuandika kwamba mihimili ya dola hudhibitiana, na tukaongeza sentensi moja ya kueleza kuwa kila mhimili una uwezo wa kuuzuia mwingine usivuke mpaka. Mzee mmoja wa kijijini tuliyemsomea rasimu alisema, "Kumbe hata mkubwa ana pa kuishia." Nilijua maana imefika.

Na sasa Waswahili tumelichukua neno hilo na kulinyambua tutakavyo. Vijana huchekiana. Fundi gari huicheki injini. "Nicheki kesho" ni nitafute, nipigie. Sarufi yetu imelifunga jirani na kucheka, hata "hacheki" inaweza kuwa hatazami au hana furaha, na msikilizaji hutambua kwa muktadha tu. Wazee huwalaumu vijana kwa hilo. Siwalaumu, kwa sababu hayo ndiyo maisha ya maneno. Wachezaji wa Uajemi na makarani wa Mfalme Henry hawakufanya tofauti. Mwambao sasa una shaha na cheki, neno moja lililofika mara mbili, mara ya kwanza kwa jahazi na mara ya pili kwa Waingereza.

Kinachonihuzunisha ni kwamba nimeweza kuifuata njia hii yote kwa sababu ya kazi ya Waingereza. Kamusi yao kubwa ya kihistoria ilianza kuchapishwa mwaka 1884 na ikakamilika mwaka 1928, kila maana ikiwa na mwaka na mfano wa matumizi, na sehemu kubwa ya mifano ililetwa na wasomaji wa kawaida waliojitolea. Sisi tuna kamusi ya Krapf ya 1882, tuna kazi kubwa ya Padri Sacleux ya 1939, tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 na matoleo yake. Kamusi ya namna ile, inayosema neno lilionekana lini, wapi, na likabadilikaje, bado hatuna. Daladala tunajua ilitokana na dala, yaani shilingi 5, nauli ya wakati huo, na matatu inatokana na senti thelathini za Nairobi, kwa sababu waliokuwapo bado wanasimulia.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama mzazi wako alikuwa nahodha, fundi cherehani, kuli wa bandarini au karani wa posta, muulize maneno ya kazi yake. Andika neno, mahali, mwaka anaoukumbuka na sentensi aliyoitamka, kisha upeleke nakala kwenye idara ya Kiswahili ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, na nyingine ubaki nayo mwenyewe.